Leo Pumzika, Kesho Kazi

Tulimwita Mama Kazi, na jina lenyewe lilikuwa na uongo ndani yake, kwa maana kazi hazikuwa zake. Zilikuwa za bosi aliyekaa Mombasa, aliyetupigia simu kila Jumatatu na kukohoa kabla ya kusema. Yeye Mama Kazi aliandika watu tu, kisha akawapokea. Lakini wakati ule, ukimkuta kijana pale Busia mpakani ana bahasha ya vyeti kwapani na viatu vimepigwa rangi, ukamuuliza anakwenda wapi, angekujibu anakwenda kwa Mama Kazi. Hakuna aliyesema anakwenda kwenye kampuni.

Kampuni ilikuwa ya kutoa mizigo forodhani, upande wa Uganda, juu ya duka la vipuri vya malori. Lori likifika kutoka Mombasa, dereva alituletea makaratasi, nasi tukayatembeza dirisha kwa dirisha, upande wa Kenya na upande wa Uganda, mpaka lipate ruhusa ya kupita. Ilikuwa kazi ya miguu na mdomo. Mimi nilikuwa naishi upande wa Kenya na kuvuka kwa miguu kila asubuhi, na wenzangu walitoka Lumino, Bulumbi, na hata Tororo.

Mambo ya wazazi wake siyajui na sikuyauliza. Nilimkuta tayari ni mtu mzima, mfupi, mwenye mabega ya mkulima, aliyevaa sweta la rangi ya damu ya mzee hata jua likichoma bati. Mfukoni mwa sweta mlikuwa na karanga. Alizitafuna huku akitukataza sisi kula ofisini, na ukimtazama mdomo alikuambia, "Hii si chakula. Hii ni dawa ya hasira." Kama ilikuwa dawa, basi ilikuwa hafifu.

Siku hizi nikisikia mtu akiambiwa karibu kazini, naondoka pale. Si kwa sababu nilikaribishwa vibaya. Ni kwa sababu nilikaribishwa vizuri mno, na mwanamke huyu, kisha nikaona ule ukaribisho ulivyoishia.

Alikuwa na swali moja la kumpima mtu. Vyeti alivipokea kwa mikono miwili, akavilaza mezani kifudifudi, akauliza: "Ukikosea, nani utaambia kwanza?" Hapo ndipo watu walipoanguka. Mmoja alisema hatakosea. Akaambiwa aende salama. Mwingine, mwimbaji wa kwaya, alisema atamwambia Mungu. "Mungu anajua tayari," Mama Kazi akamjibu. "Mimi ndiye sijui." Wengi walisema watamwambia bosi, jibu la kufundishwa, nao walipita au hawakupita kwa kadiri macho yao yalivyokuwa wakati wa kulisema. Mimi sikuwa nimejiandaa. Nilimwambia nitanyamaza kwanza, nitazame kama kuna mtu aliyeona.

Hakucheka. Alitafuna karanga, akaniuliza, "Na kama hakuna mtu ameona?"

"Nitaumwa tumbo," nikasema, "halafu nitakuja kukwambia."

"Jumatatu utaanza," akasema, akanirudishia vyeti vyangu bila kuvigeuza. Sijui mpaka leo kama alijua nilisomea nini.

Ilisemwa kwamba aliandika Wasamia wenzake tu. Wasamia kwa upande wao walilalamika kwamba amewatupa, kwamba ofisi imejaa Jopadhola na Wateso, na kwamba mwanamke anayewasahau watu wa kwao atazikwa na wageni. Siku moja wazee wa kanisani kwake Lumino walikuja na kijana wao, wakakaa, wakahesabu undugu mpaka ukafika. Aliwapa chai, akawasikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kijana swali lake. Kijana akajibu kwamba akikosea hatamwambia mtu yeyote. "Huyu ni mtu yangu kweli," Mama Kazi akawaambia wazee, "lakini si mtu ya hapa." Waliondoka na kinyongo, na nasikia kanisani walihamia benchi lingine.

Sasa nije kwenye kiti. Kwenye kona ya chumba kikubwa kulikuwa na kiti cha mbao chenye mikono, kizito, kilichoachwa na mwenye nyumba. Siku za kawaida hakuna aliyekikalia. Mgeni akija kuanza kazi, Mama Kazi alikivuta mwenyewe mpaka katikati ya chumba, miguu yake ikikwaruza sakafu kwa sauti tuliyoijua, akamkalisha. Kisha sote tuliokuwepo tulikuja mbele ya kile kiti, mmoja mmoja, tukampa mgeni mkono, tukataja majina yetu na kitu kimoja tusichokiweza. Keshia alisema hawezi kuamka mapema. Dereva wa ofisi alisema hawezi kurudi nyuma na trela, jambo lililotutia wasiwasi kila alipolisema. Mimi nilisema siwezi kusoma mwandiko wangu mwenyewe. Mama Kazi alimalizia bila kutaja jina, na maneno yake hayakubadilika: "Mimi kuaga mtu nimeshindwa." Ilikuwa kweli. Jioni alichukua mkoba wake akatoweka, na ulijua ameondoka kwa kuona mlango wa chumba chake umefungwa.

Baada ya hapo alisema yale maneno aliyokuwa anangoja kuyasema: "Leo pumzika. Kesho kazi." Na kweli mgeni alikaa siku nzima bila kugusa karatasi, akiletewa chai, akitutazama tunavyogombana na madereva. Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama Kazi alisema siku mbili ni nyingi, bosi atakufa, lakini moja ni haki ya mtu. "Mtu akianza na kukimbia," alisema, "hatajua anakimbia na nani."

Maneno hayo nusura yatupotezee Othieno. Alikuwa mmoja wa Jopadhola, wa kutoka Tororo, mrefu, mpole kupita kiasi, ambaye alijibu lile swali la kukosea kwa kusema, "Nitaambia yule nimemkosea." Siku yake ya kwanza tulikuwa tumekwisha kutaja majina yetu na udhaifu wetu. Mama Kazi akamwambia, "Leo pumzika," na wakati huohuo lori pale chini likapiga honi ndefu, ile ya dereva aliyelala kwenye foleni. Nusu ya pili ikafia humo. Othieno alikaa kidogo, akasimama, akashukuru, akachukua bahasha yake na kutoka. Tulidhani anatafuta choo.

Pale mpakani, upande wa Uganda, mtu akiondolewa kazini kwa adabu husemwa amepumzishwa. Baba yake Othieno alikuwa amepumzishwa kazini huko Tororo, akashukuriwa kwanza, akapewa soda, na tangu siku hiyo neno lile nyumbani kwao lilikuwa sawa na msiba. Haya tuliyajua baadaye. Wakati ule tuliona tu kwamba kiti ni kitupu. Mama Kazi ndiye aliyeelewa kabla yetu sote. Alishuka ngazi mbio, nami nikamfuata mpaka stendi ya magari ya Tororo, sweta lake limelowa jasho. Tulimkuta Othieno ameketi dirishani ndani ya gari, ameshika bahasha kwa mikono miwili.

"Shuka," Mama Kazi akamwambia.

"Madam, hakuna shida. Nimeelewa. Hata mzee walimpumzisha namna hii."

"Nimesema leo. Leo peke yake. Kesho kazi. Hukusikia kesho?"

"Lori ilipiga honi, Madam."

Mama Kazi alisimama pale kwenye mlango wa gari. Kondakta akauliza kama anapanda au hapandi. Nilimwona anafuta macho kwa mkono wa sweta, nikatazama pembeni, kwa sababu hatukuwa tumezoea kumwona hivyo. Othieno akashuka. Tangu siku hiyo, kabla ya kutamka yale maneno, alifunga mlango na madirisha yote kwanza, hata kama tungepikika mle ndani.

Lakini nisimpambe. Upendo wake ulikuwa wa siku moja. Siku ya pili ukifika umechelewa alikuuliza, mbele ya watu, kama kwenu hakuna jogoo. Ukikosea namba ya mzigo alikurudishia karatasi bila kukuonyesha kosa liko wapi, ukalitafute mwenyewe mpaka ujue. Othieno, ambaye alikuwa amefuatwa stendi kwa machozi, alifokewa kesho yake kabla hata hajamaliza kuvua koti. Tulikuwa tunawaonea wivu wageni. Kila kiti kilipokwaruza sakafu, sisi wa zamani tulikumbuka kwamba na sisi tuliwahi kuwa watu.

Na mtu huyu aliyewakaribisha wote hakuwahi kumkaribisha hata mmoja wetu kwake. Lumino si mbali. Tulikuwa tukipita huko kwenda kwenye misiba na harusi, tukamwambia, "Mama, tutaingia kwako tukunywe maji," naye akajibu, "Maji iko Busia mingi." Wengine walisema ana mume mkali, wengine kwamba hana mume. Keshia aliamini ana nyumba kubwa anayoificha tusiombe mikopo. Mimi niliacha kukisia. Nilijiambia kwamba kila mtu ana hazina yake ya ukarimu, na yeye ya kwake aliimaliza ofisini.

Mabadiliko yalipokuja hayakuja na kelele, yalikuja na ukimya. Mizigo ilianza kuandikiwa kila kitu kulekule bandarini, kwenye kompyuta, na maofisa wa nchi mbili wakakaa jengo moja. Lori lililokuwa likilala foleni sasa lilipunguza mwendo tu, likapita. Madereva walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Sisi tulisimama dirishani juu ya duka la vipuri tukiyatazama malori, na hakuna dereva aliyeinua macho kututazama. Yale makaratasi ambayo miguu yetu iliyatembeza hayakuwa na haja ya miguu tena.

Jumatatu moja bosi alikohoa, akasema watu wapunguzwe, na kwamba atawatumia ujumbe kwa simu yeye mwenyewe, upesi, bila maneno mengi. Nilikuwa chumbani kwake, nikamsikia Mama Kazi akimjibu. "Hapana, Bosi. Hawa watu niliita mimi. Kama ni kutoa, nitatoa mimi." Walibishana mpaka akashinda. Nimewaza mara nyingi kwamba ingekuwa heri angeshindwa.

Kwa sababu hakujua njia nyingine. Alichokijua ni kiti. Asubuhi alikivuta katikati ya chumba, miguu ikakwaruza, nasi kwa ujinga wetu tukafikiri kuna mgeni. Akamkalisha keshia. Akafunga mlango na madirisha. Akatuambia tuje mmoja mmoja, tumpe mkono, tutaje majina yetu na kitu kimoja ambacho keshia alitufundisha. Tulikuja. Mmoja alisema alimfundisha kutosema uongo kuhusu chenji. Mimi nilisema alinifundisha kucheka siku ambayo hakuna lori. Keshia alilia, tukalia naye, na mwisho Mama Kazi akasema, "Pumzika." Pale ambapo kesho ilizoea kukaa, palikuwa na mlio wa feni.

Mara ya kwanza tuliona ni heshima. Mara ya pili tulijikaza. Baada ya hapo kile kiti kikawa kitu cha kutisha. Tulifika asubuhi, na kabla ya salamu tulitazama kona: kipo, hakipo? Yule dereva wetu asiyeweza kurudi nyuma na trela alikikuta katikati ya chumba, akageuka pale pale mlangoni, akashuka ngazi, na hakurudi hata kuchukua koti lake. Wengine walimwambia Mama Kazi usoni kwamba afadhali ujumbe wa simu, mtu aupate akiwa kwake, alie na watu wake. Alijibu kwamba simu haina macho. "Mimi nilimtazama akiingia," alisema. "Nitamtazama akitoka." Na kila mara tuliobaki kuja mbele ya kiti tulikuwa wachache zaidi, na mambo ya kusema yakaisha, tukarudia yaleyale tuliyomwambia mwenzake. Karanga aliacha kula. Hasira ilikuwa imekwisha, nadhani, au ilikuwa imepita kiwango cha dawa.

Mimi nilimchukia wakati huo, nasema wazi. Nilimchukia kwa kuwa aliichukua siku nzuri kuliko zote za maisha yangu ya kazi, ile siku niliyokaa nikapewa chai na majina ya watu, akaigeuza kuwa hii. Nilijua hakukusudia. Nilijua usiku hapati usingizi, kwa maana macho yake yalikuwa mekundu kila asubuhi. Haikunisaidia. Kuna wema ambao afadhali ukuache, na sikuwa na namna ya kumwambia.

Othieno alikalia kiti siku ya mvua. Alikuwa ameoa, mtoto wa kwanza ameanza kutembea, na nyumba ya matofali aliyoianza kwao Tororo ilikuwa imefika madirishani. Tulibaki watu wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Nilimpa mkono, nikamwambia alinifundisha kuongea polepole na mtu aliyekasirika. Mama Kazi akafunga mlango, akafunga madirisha, akasimama mbele yake.

"Pumzika, Othieno," akasema.

Othieno alimtazama, akatabasamu, akaweka mkono nyuma ya sikio. "Lori imepiga honi, Madam. Ile ingine sijasikia."

Tulisikiliza sote, kana kwamba huenda kweli. Nje kulikuwa kimya. Hata mvua ilikuwa imepungua.

"Hakuna lori, Othieno," Mama Kazi akasema.

Othieno alisimama, akashukuru, akatoka. Safari hii hakuna aliyemfuata stendi.

Wa mwisho kukalia kiti nilikuwa mimi. Hapakuwa na mtu mwingine wa kuja mbele yangu isipokuwa yeye, na alikuja. Alinipa mkono na kutaja jina lake. Katika miaka yote hiyo nilikuwa sijalisikia, na sitaliandika hapa, kwa sababu alinipa mimi. Akasema nilimfundisha kwamba mtu anaweza kuumwa tumbo kwa ajili ya ukweli. "Pumzika, Ajambo," akasema. Nilipoinuka nilimshika mkono nikataka nimkalishe na yeye, nisimame mbele yake, niseme neno. Alikataa. "Mimi sijatolewa," akasema. "Mimi nafunga mlango." Nilipofika chini nilitazama juu. Alikuwa anafunga madirisha.

Ningependa kuishia hapo, lakini nilikuja kumwona tena, na kuonana huko ndiko kunakonisumbua zaidi ya yote.

Nilipata kazi Tororo, kwenye ghala kubwa la mizigo. Huko watu huandikwa kwa simu. Unajibu maswali kwenye skrini, ukifaulu unatumiwa namba, na siku ya kwanza unaonyesha namba hiyo getini, unapewa fulana yenye mistari ya kung'aa, unaanza kubeba. Mimi nilianza hivyo. Hakuna aliyenitajia jina lake, na mpaka leo wapo wenzangu ninaowajua kwa namba za mgongoni. Vijana wanaacha kazi upesi. Asubuhi mmoja hayupo, na hakuna anayejua kama ameumwa au amechoka au amekufa. Meneja, kijana mwerevu aliyetumwa kutoka Nairobi, alikuwa haelewi kwa nini. Siku moja alisema mbele yetu kwamba wanatafuta mtu wa kuwapokea wapya na kuwazoesha. Nilimwambia namjua huyo mtu.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda Lumino. Nyumba yake ilikuwa ndogo, imefagiliwa, na ndani hamkuwa na kitu cha kukalia isipokuwa mkeka na kile kiti cha ofisi. Ndipo nilipoelewa kwa nini hakutukaribisha. Hakuwa na pa kutuweka, na yeye hakujua kumpokea mtu bila kumkalisha. Alinikalisha kwenye kiti. Yeye akakaa mkekani, na sikufaulu kumbadilisha.

Nilimweleza habari ya ghala. Aliniuliza kuhusu namba za mgongoni, nikamweleza tena. Aliingia chumba cha ndani, akatoka na lile sweta, akalikung'uta.

"Hiyo ya namba nitaondoa kwanza," akasema. "Watu wataje majina. Huyo meneja yako, anaweza kukubali watu wakae siku moja?"

"Sijui, Mama. Labda nusu siku."

"Nusu tutaanza nayo."

Alinisindikiza mpaka barabarani akiongea njia nzima, na nilikuwa sijamsikia akiongea hivyo tangu malori yalipoacha kulala foleni. Aliniuliza kama kuna mlango unaofungika vizuri. Aliniuliza kama ataruhusiwa kuleta kiti chake mwenyewe, maana viti vya kampuni huwa vya kuazima. Nilicheka. Nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe.

Alifika Tororo mapema, kwa gari la kwanza kutoka Busia, viatu vimepigwa rangi. Nilimkuta kwenye ukumbi wa ghala, amesimama pamoja na vijana waliokuja kuonyesha namba zao, na kabla sijamfikia alikuwa amekwisha kujua majina ya kadhaa kati yao na kijiji cha kila mmoja. Msichana mmoja alikuwa anacheka. Sijawahi kusikia mtu akicheka kwenye ukumbi ule.

Meneja alitoka na simu mkononi. Hakuwa mtu mbaya, nataka ijulikane. Alimwamkia shikamoo, akamwita Mama, akainama kidogo. Walizungumza palepale wima, mimi nikiwa pembeni ya meneja, bega kwa bega. Akamuuliza kama anajua kutumia kompyuta. Mama Kazi akasema hajui, lakini atajifunza. Akamuuliza anavyoona kazi hii, naye akaanza kumweleza habari ya kiti, kwamba mtu mpya akalishwe kwanza, na wenzake waje wamwambie kitu wasichokiweza. Meneja alitabasamu. Akatazama saa ya simu. Kisha akamwekea mkono begani kwa upole, kama angemfanyia mama yake.

"Aki Mama, wewe umefanya kazi ya kutosha," akasema. "Enda tu upumzike."

Trela iliyokuwa ikirudi nyuma uwanjani ikapiga honi ndefu. Midomo ya meneja ilisogea kidogo ndani ya ile kelele, kisha akageukia vijana na kuanza kusoma namba.

Nilimsindikiza Mama Kazi mpaka getini. Alitembea polepole, mkono mmoja mfukoni mwa sweta, na nilisikia karanga. Alikuwa amezirudia kwa ajili ya siku hiyo. Tulipotoka nje alisimama akanigeukia.

"Lori imepiga honi pale," akasema. "Wewe ulikuwa karibu na yeye. Baada ya kusema nipumzike, amesema nini ingine?"

Nilikuwa karibu. Nilisikia yote. Alikuwa ananitazama jinsi alivyonitazama siku ile vyeti vyangu vikiwa kifudifudi mezani, na nikajua kwamba nikimdanganya kuwa meneja amesema kesho, kesho atakuja, na kiti chake kwenye paa la gari.

"Amesema 'sawa', Mama," nikamwambia. "Hakuna kingine."

Alitikisa kichwa taratibu. Alitoa karanga chache mfukoni, akaniwekea kiganjani, akanifumba vidole.

"Mimi nilikuandika juu ya vile wewe unasema ukweli," akasema. "Leo nimejuta kidogo."

Akavuka barabara kwenda stendi, bila kuaga.